Kumtembelea Rafiki wa Zamani kwa Gari-Nyumba: Dallas hadi Minneapolis

Wako wengi waliosoma bweni moja Tanga au Kisumu na leo wote wako Marekani, mmoja Texas, mwenzake Minnesota. Wanasalimiana kwenye kundi la WhatsApp tu, ilhali barabara kuu ya I-35 inatoka kwa mmoja hadi kwa mwingine, mwendo wa karibu maili 1,000 (kilomita 1,600). Ndege ni ya haraka, lakini kwa mwenye familia gari-nyumba lina faida yake: unakwenda na kitanda, jiko na choo chako. Humhamishi mtoto wa mtu chumbani kwake, na wewe mgeni unaweza kuwa mwenyeji.

1. Piga simu kabla ya kukodi gari

Usimshtukize. Wenzetu wengi wanafanya kazi za zamu, na anayetoka zamu ya usiku akakuta gari kubwa mlangoni atakuchekea huku anasinzia. Muulize ana mapumziko lini, nani anaishi naye, na kama mtaa wake unaruhusu gari-nyumba kulala nje. Miji mingi na vyama vya wenye nyumba hukataza, na faini itamwangukia yeye.

2. Chagua majira

Mwisho wa Juni hadi Septemba ndio wakati mzuri. Majira ya kuchipua huleta vimbunga Oklahoma na Kansas, na gari refu huyumbishwa sana na upepo. Baridi ya Minnesota nayo hugandisha maji kwenye mabomba, na kambi nyingi hufunga maji kabisa.

3. Kodi gari unaloliweza

Kwa familia, aina ya C, yenye kitanda juu ya kichwa cha dereva, inatosha. Kwa kawaida leseni ya gari dogo inakubalika. Unapokabidhiwa, rekodi maelezo yote kwa simu: pampu ya maji, jenereta, gesi, vali za matangi. Uliza kikomo cha maili na gharama ya kukizidi. Andika kimo cha gari kwenye karatasi na uibandike mbele ya dereva, kwa ajili ya madaraja mafupi na vibaraza vya migahawa.

Usisahau mafuta. Gari hili huenda maili 8 hadi 12 kwa galoni, kwa hiyo kwenda tu ni galoni 83 hadi 125.

4. Gawanya njia

Wazoefu hawazidishi maili 300 kwa siku, na hufika kambini kabla ya saa 9 alasiri, mwanga ungalipo. Unaweza kupanga hivi:

- Siku ya 1: Dallas hadi Oklahoma City.
- Siku ya 2: Oklahoma City hadi Emporia, Kansas. Kipande cha Kansas kina ushuru usiolipwa kwa pesa taslimu, kwa hiyo muulize mwenye gari bili itakufikiaje.
- Siku ya 3: Emporia hadi Des Moines, kupitia Kansas City.
- Siku ya 4: Des Moines hadi Minneapolis.

Ukikaribia mwisho, fungua macho Burnsville. Hapo barabara inagawanyika: 35W inakwenda Minneapolis, 35E inakwenda St. Paul.

5. Weka kambi kwanza, rafiki baadaye

Kambi ya Lebanon Hills, Apple Valley, kusini mwa Minneapolis, ina sehemu zenye umeme, maji na bomba la maji taka. Weka nafasi mapema. Ukifika, sawazisha gari, kisha vaa glavu umwage matangi. Fungua vali ya choo kwanza, ikiisha ndipo ufungue ya maji ya kuogea na kuoshea vyombo, ili maji hayo yasafishe mpira. Nawa, oga, badili nguo. Hapo ndipo umpigie: "Tumefika, karibuni chai."

6. Mlo wa kwanza uwe wako

Akija kwako, mkewe haamki alfajiri kuandaa pilau ya wageni. Kunjua turubai la ubavuni, panga viti, injika chai ya maziwa yenye tangawizi, choma nyama. Kuni nunua hukohuko, kwa maana zinazosafirishwa kutoka mbali hubeba wadudu waharibifu wa miti. Kambi nyingi hutaka utulivu kuanzia saa 4 usiku, basi vicheko vya nguvu viishe mapema.

7. Chunga maswali

Usianze na "Umejenga nyumbani?", wala mshahara, wala makaratasi. Anayetaka kuyasema atayasema mwenyewe mkiwa wawili mnaosha masufuria. Anzeni na walimu, majina ya utani, uji wenye wadudu. Waliofariki wataje taratibu, kwani huenda mmoja wenu hakupata habari. Na msimwache shemeji pembeni: kila kisa cha shule kifuatwe na swali linalomhusu yeye.

8. Nenda kwake, kisha aga

Siku ya pili itikia mwaliko wake. Liache gari kambini, akufuate na gari dogo. Usiende mikono mitupu: wapelekee watoto zawadi, maana utaitwa baba mkubwa au mama mkubwa kabla hujavua viatu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na jembe lenyewe kwa huku ni zamu ya kazini. Siku ya tatu asubuhi washa gari, lakini kabla ya hapo fungueni kalenda za simu na muandike tarehe ya yeye kuja Texas. Miadi ya "tutaonana tu, Mungu akipenda" ndiyo iliyowapoteza miaka yote hiyo.