Louis L'Amour: Mchuna Ng'ombe Aliyeandika Vitabu



Wapo wenzetu ambao wakishapata cheti cha kisomo hukitundika ukutani, basi, na kalamu inapotea. Baada ya mwaka mmoja, barua ya mtoto wao wanampa jirani awasomee. Ukiwauliza watasema: "Mimi nilisoma ukubwani tu, nimeishia hapo." Leo tutasoma habari za mtu aliyeacha shule akiwa na miaka 15. Alichuna ng'ombe, akachimba migodini, akapigana ngumi kwa pesa. Alipofariki, vitabu vyake vilikuwa vimeuzwa karibu nakala milioni 200.

Mtu huyo ni Louis L'Amour wa Marekani. Jina lake tamka hivi: Lui Lamur. Aliandika riwaya. Riwaya ni hadithi ndefu ya kubuni inayojaza kitabu kizima. Riwaya zake nyingi zinahusu magharibi ya Marekani katika miaka ya 1800. Wakati huo walowezi walikuwa wanasogea na mikokoteni, ng'ombe na bunduki, wakiingia katika ardhi ya wenyeji.

Louis alizaliwa tarehe 22 Machi, 1908, katika mji wa Jamestown, jimbo la North Dakota. Alikuwa kitinda mimba. Baba yake alikuwa daktari wa mifugo. Kazi ilikuwa nzuri wakati watu wanalima kwa farasi. Yalipokuja matrekta na magari, farasi wakapungua, na kazi ya baba nayo ikapungua. Kisha mabenki ya sehemu ile yakafilisika, na wakulima wakakosa pesa. Mwaka 1923 familia ikafunga mizigo, ikahama kutafuta riziki. Shule ya Louis ikaishia hapo.

Sasa angalia kazi alizofanya. Huko Texas alipata kibarua cha kuchuna ng'ombe waliokufa. Kazi ya kunuka hiyo, hata mbwa alimkimbia! Lakini aliyekuwa naye kazini ni mzee ambaye utotoni alitekwa na kulelewa na watu wa kabila la Apache. Mzee alisimulia jinsi watu hao walivyofuata nyayo, walivyotafuta maji jangwani, na walivyopigana. Kijana alichuna huku masikio yako wazi. Baadaye alifunga robota za majani ya mifugo, akafanya kazi migodini na kwenye viwanda vya kupasua mbao. Alidandia treni za mizigo. Alikuwa baharia, akafika nchi za mbali za Asia. Alipigana ndondi katika miji midogo ili apate chakula.

Kila alipokwenda aliwakuta wazee waliouona ule wakati wa farasi na bunduki kwa macho yao. Aliwauliza maswali. Wengine waliwaona wazee hao ni watu wa kupiga domo tu.

Na vitabu je? Wakati ule Marekani viliuzwa vitabu vidogo vya senti 5 au 10, vyepesi, vinavyoingia mfukoni. Vilikuwa na hadithi, historia, sayansi na mawazo ya wanafalsafa. Vibarua waliotembea kutafuta kazi walivisoma, kisha wakapeana. Louis alijaza mifuko yake. Akifika mji wenye maktaba, aliingia maktaba. Aliandika orodha ya kila alichosoma. Mwaka 1930 peke yake alisoma vitabu na michezo ya kuigiza zaidi ya 100. Mtu hana kitanda, lakini ana orodha!

Katika miaka ya 1930 alirudi kwa wazazi wake, ambao sasa walikaa shambani huko Oklahoma. Akaanza kuandika hadithi na kuzituma kwenye magazeti. Zikarudishwa. Akatuma nyingine. Zikarudishwa. Jambo hili halikwisha kwa mwezi mmoja wala miwili, lilikwenda miaka. Mwaka 1939 alitoa kitabu cha mashairi, lakini mashairi hayakumtajirisha. Magazeti ya hadithi ya bei rahisi ndiyo yaliyoanza kumlipa kidogo kidogo, kwa kuhesabu maneno. Kisha vikaja Vita Kuu ya Pili. Akachukuliwa jeshini, akawa ofisa kwenye malori ya kupeleka mahitaji ya jeshi huko Ulaya.

Baada ya vita alikwenda Los Angeles, akiwa na umri wa karibu miaka 40. Hapo pana habari ambayo yeye mwenyewe hakupenda itajwe. Alikubali kuandika vitabu 4 kwa jina la bandia la Tex Burns. Vilimhusu mchunga ng'ombe aitwaye Hopalong Cassidy, ambaye alibuniwa na mwandishi mwingine. Wachapishaji walimgeuza yule mchunga ng'ombe awe msafi kama wa sinema, si kama Louis alivyotaka. Vitabu vilitoka mwanzoni mwa miaka ya 1950. Louis alikana kuviandika mpaka anaingia kaburini. Mimi naona alikosea. Kibarua cha kuchuna mizoga hakukionea haya, kwa nini aone haya kwa hiki?

Mwaka 1952 gazeti moja kubwa lilichapa hadithi yake fupi. Ilimhusu mwanamke aliyekaa na watoto wake peke yao katika nchi ya Waapache. Mcheza sinema maarufu, John Wayne, akainunua ili itengenezwe sinema. Louis akaikuza hadithi hiyo ikawa riwaya, jina lake Hondo. Kitabu na sinema vilitoka mwaka 1953. Kuanzia hapo aliandika vitabu viwili au vitatu kila mwaka. Vilikuwa vya jalada jepesi na bei ndogo, vikauzwa kwenye stesheni na madukani. Madereva wa malori na wakulima walivinunua.

Wasomaji walimwamini kwa sababu alizijua sehemu alizoziandika. Alikuwa akisema kwamba, akiandika kuwa mahali fulani pana chemchemi, basi chemchemi ipo, na maji yanafaa kunywa.

Kipo kimoja ambacho kingewafurahisha wanakisomo. Kinaitwa The Daybreakers, cha mwaka 1960. Ndugu wawili, Tyrel na Orrin Sackett, wanatoka milimani na kwenda magharibi. Tyrel amekuwa kijana mzima, bunduki anaijua, lakini kusoma hajui. Safarini rafiki yao msomi, Tom Sunday, anamfundisha. Baadaye Orrin anaingia katika siasa na kushinda uchaguzi. Aliyemshinda ni huyo huyo Tom Sunday. Moyo wa Tom unageuka, anaanza ulevi, na mwisho anasimama mbele ya Tyrel na bunduki mkononi. Tyrel analazimika kumuua mwalimu wake.

Lakini msomaji mzima haachi kuuliza: ardhi ile ilikuwa ya nani? Babu wa mama yake Louis aliuawa vitani na watu wa kabila la Sioux mwaka 1863. Habari hiyo ilisimuliwa nyumbani kwao. Upande wa pili haukusimuliwa sana. Wasioux walikuwa wametoa ardhi kwa ahadi ya pesa na chakula. Mwaka 1862 malipo yakachelewa, watu wakashikwa na njaa, na vita ikaanza. Louis aliandika kuhusu Waapache kwa heshima kuliko waandishi wengi wa wakati wake. Hata hivyo, anayeshika kalamu katika vitabu vyake karibu siku zote ni mtoto wa mlowezi. Sisi ambao wazee wetu waliwaona walowezi Afrika Mashariki tunaweza kumsoma kwa furaha, na bado tukalisema hilo.

Bunge la Marekani lilimpa nishani ya dhahabu, na alikabidhiwa mwaka 1983. Alikuwa mwandishi wa riwaya wa kwanza kuipata. Alifariki Los Angeles tarehe 10 Juni, 1988, kwa saratani ya mapafu. Kitabu kuhusu maisha yake na vitabu alivyosoma kilitoka mwaka 1989, na orodha zake za miaka ya 1930 zimo humo.

KAZI YA JUMA HILI

Chukua daftari. Andika kila ulichosoma tangu upate cheti, hata kama ni karatasi ya dawa ya mbegu. Kisha mtafute mzee mmoja kijijini kwako. Muulize habari ya kazi moja ambayo siku hizi haifanywi tena. Andika maelezo yake kwa ukurasa mmoja, na jina lake ulitaje ikiwa ameridhia. Kikundi kikikutana, someaneni kwa sauti, na mzee mwenyewe awepo akusahihishe.