Tuuchagueje Mchezo Mfupi wa Tamasha?

Wahenga walinena kuwa asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mimi nilifunzwa na jukwaa, tena mbele ya majaji watatu na ukumbi uliojaa pomoni. Ningependa kuwagawia wanachama wenzangu somo hilo kabla msimu wa maigizo haujabisha hodi tena, kwa sababu kosa lilikuwa langu na sitaki mtu mwingine alirithi.

Katika muhula wa kwanza, chama kiliniteua niongoze kamati ya kuchagua mchezo. Nikaenda maktabani nikachomoa Kifo Kisimani cha Kithaka wa Mberia, ile tamthilia iliyochapishwa mwaka wa 2001 ambayo kaka na dada zetu waliisoma kwa ajili ya mtihani. Niliipenda, na hata sasa naipenda. Taabu ni kwamba hiyo ni tamthilia kamili, na sisi tulikuwa na muda usiofika saa moja. Basi nikashika penseli. Nikakata hapa, nikaruka pale, nikaunganisha watu wawili wakawa mmoja. Usiku wa kuamkia tamasha tukapima kwa saa, kumbe bado tumezidi kwa dakika sita! Nikaifuta ile sehemu ambamo Gege anarubuniwa kwa ahadi ya kuozwa Alida, binti ya mtawala Bokono.

Kesho yake Gege akamuua nduguye Mwelusi pale kisimani, na ukumbi ukacheka. Naam, ukacheka! Mtu anamuua ndugu yake wa damu bila sababu yoyote waliyoiona, wangefanya nini? Jaji mmoja aliandika kwamba hakuelewa kijana yule alitaka nini. Alikuwa na haki. Kile alichotaka kijana yule nilikuwa nimekifuta kwa raba.

Lakini si alama zilizoniuma zaidi. Katika sehemu ile alikuwamo mvulana wa Kidato cha Pili, mmoja wa wale wanaomrubuni Gege, aliyefanya mazoezi kwa majuma manane. Nilimpa habari ndani ya basi. Hakusema neno. Alikaa na maleba yake magotini njia nzima, na tangu siku hiyo hajakanyaga mkutano wa chama.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma michezo mifupi kama mtu aliyetafuta dawa. Nimegundua jambo ambalo labda walimu wetu walilijua zamani: mchezo mfupi si mchezo mrefu uliokatwa mkia. Una mwili wake. Mchezo mrefu una muda wa kumlea mhusika, kumpeleka mbali na kumrudisha. Mchezo mfupi hauna muda huo, kwa hiyo huanza mambo yakiwa yamekwisha kuiva. Mtu anaingia jukwaani akiwa tayari na shida yake mkononi, na shida hiyo haiwezi kungoja kesho.

Nitatoa mfano. Anton Chekhov, mwandishi wa Urusi, aliandika mwaka wa 1888 mchezo mfupi uitwao Dubu. Watu watatu tu ndio wanaoubeba: mjane kijana anayeitwa Popova, mtumishi wake mzee Luka, na jirani mwenye mashamba aitwaye Smirnov. Mjane ameapa kujifungia ndani amlilie mumewe mpaka kufa. Smirnov anakuja kudai rubo 1,200 ambazo marehemu alikopa kwa kununulia farasi chakula. Anazitaka leo, kwa sababu naye kesho anadaiwa na benki. Mjane anasema leo hana, asubiri kesho kutwa. Basi! Deni moja, chumba kimoja, siku moja. Smirnov anakataa kuondoka, wanatukanana, wanafikia kutakana vita vya bastola, na mwisho, wakati Luka anaporudi na watu wa kuokoa maisha ya bibi yake, anawakuta wawili hao wamekumbatiana.

Tazama vile deni linavyofanya kazi yote. Huhitaji mtu aje aeleze historia ya nyumba hiyo. Wanapogombania pesa ndipo tunapojua marehemu alikuwa mume wa namna gani (hakuwa mwaminifu hata kidogo), mjane anajidanganya kiasi gani, na Smirnov anawaogopa wanawake kwa nini. Ukiondoa deni, mchezo wote unaanguka. Mimi naliita deni hilo kifundo. Kila mchezo mfupi mzuri una kifundo kimoja, na kifundo hicho ndicho kitu cha kwanza ninachokitafuta sasa nikishika mswada.

Mwingine ni wa Lady Gregory wa Ireland, ulioigizwa Dublin mwaka wa 1907, ambao tunaweza kuuita Kuchomoza kwa Mwezi. Ni usiku, kando ya bandari. Sajini wa polisi anamlinda mtu asitoroke kwa mashua, na atakayemkamata atapata pauni 100. Anakuja mtu mwenye nguo chakavu anayejidai kuwa mwimbaji wa barabarani. Wanakaa juu ya pipa moja, wamepeana mgongo, wanaongea na kuimba nyimbo za zamani, huku sajini akianza kukumbuka ujana wake. Hapo utajua kifundo: je, atamkamata au atamwachilia? Jamani, mchezo huo unahitaji wanaume wanne na pipa. Pipa hata jikoni kwetu lipo. Sisi mwaka huu tulibeba kiti cha enzi cha mbao ambacho hakikupita mlango wa basi, tukakifunga juu kwa kamba, na mvua ikakinyea.

Sasa tugeuke tutazame rafu yetu ya Kiswahili, maana chama hiki si cha Kirusi wala cha Kiayalandi. Ninaanza na Ebrahim Hussein, mzaliwa wa pwani ya kusini ya Tanzania. Wengi wetu tunamjua kwa Kinjeketile (1969) na Mashetani (1971), ambazo ni ndefu na nzito. Lakini ana kitabu chembamba kiitwacho Michezo ya Kuigiza, cha mwaka wa 1970, chenye michezo miwili: Wakati Ukuta na Alikiona. Katika Wakati Ukuta, msichana Tatu anavutana na mamake kuhusu kutoka na kijana Swai, na mvutano huo wa nyumbani unazaa ndoa ambayo haidumu. Nilimsomea dada yangu sehemu ya mwanzo, akaniuliza kama imeandikwa jana! Alikiona ni kichekesho cha mambo ya ndoa, chenye asili katika vile vichekesho vilivyokuwa vikiigizwa kati ya nyimbo za taarabu huko pwani. Kwa maoni yangu Alikiona kinafaa hadhira inayocheka haraka, lakini kinataka waigizaji wepesi wa ulimi. Tukiwapa watu wanaokariri kama sala ya asubuhi, kitakufa.

Kuna pia kitabu chake cha mwaka wa 1976, Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi, ambacho nakipendekeza kwa tahadhari. Hapo mtu mmoja tu anasimama na kusimulia, kwa namna ya mtambaji wa ngano. Gharama ya maleba ni kama bure, ndiyo, ila kama hamna sauti moja ya kushika ukumbi mzima, msijaribu. Tunaye msichana mmoja wa aina hiyo katika Kidato cha Tatu. Yeye anajijua.

Wanaopenda kicheko chenye pilipili wasome Masaibu ya Ndugu Jero, tafsiri ya mchezo wa Wole Soyinka wa Nigeria. Jero ni mhubiri laghai wa ufuoni Lagos ambaye anawaita waumini wake wateja. Una maonyesho mafupi, unaenda mbio, na mandhari ni mchanga na fimbo. Nilidhani walimu wa dini wangekataa. Nilimwonyesha mmoja wao. Alicheka mpaka akavua miwani, kisha akasema tuwe waangalifu. Sijui alimaanisha nini hasa.

Jambo la haki za watunzi tusilipuuze. Sheria ya hakimiliki nchini Kenya humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Chekhov alifariki mwaka wa 1904 na Lady Gregory mwaka wa 1932, kwa hiyo tuko huru kuwatafsiri wenyewe, mradi tafsiri ya Kiingereza tutakayoifuata nayo iwe kuukuu. Kuhusu Hussein na Soyinka, inafaa mwalimu mlezi amwandikie mchapishaji mapema kuomba ruhusa. Mwaka huu hatukumwandikia mtu. Tulikata kitabu cha mwenyewe kama nguo ya mtumba.

Lakini kwa nini tuhangaike na vya wengine tu? Katika miaka ya 1950 Shule ya Upili ya Alliance ilisifika kwa michezo ya Shakespeare kwa Kiingereza, na wakati uo huo ikatoa vijana walioandika ya kwao kwa Kiswahili. Henry Kuria aliandika Nakupenda Lakini, na Gerishon Ngugi akaandika Nimelogwa! Nisiwe na Mpenzi. Michezo hiyo ilichapishwa, na leo imo katika historia ya tamthilia ya Kiswahili nchini. Walikuwa wanafunzi kama sisi wenye shati jeupe na karo ya kulipa.

Muhula huu chama kilipokea miswada mitatu mipya ya wanachama, na nimeisoma yote. Watunzi watanisamehe nikisema wazi. Wa kwanza una ukame, ufisadi, ndoa za mapema, dawa za kulevya, mitihani iliyoibwa na ajali ya matatu, yote kwa kurasa kumi na mbili. Mwandishi ana kipaji cha mazungumzo, lakini maovu sita kwa dakika thelathini ni mzigo wa punda. Achague moja. Mimi ningechagua mtihani. Wa pili ni hotuba iliyogawiwa watu wanne. Fumba macho msomaji akisoma, hutajua nani anasema. Ni kipimo kizuri hicho, wahusika wakiongea kwa sauti moja basi ni mtu mmoja tu aliyejificha.

Wa tatu ndio ninaoupendekeza kwa moyo wangu wote. Mama na bintiye wamefika ofisi ya chifu saa kumi na nusu jioni wakiwa na fomu ya basari. Fomu yataka muhuri leo, mwisho wa kupokelewa ni kesho asubuhi. Chifu ametoka. Karani yupo, muhuri uko mezani, na karani huyo zamani alimkopesha mama huyo pesa ambazo hazijarudi. Hayo tu! Meza, benchi, muhuri. Binti hajui habari ya mkopo. Kila karani anapoushika muhuri, unajikuta umeshika pumzi. Nilipousoma bwaloni baada ya maandalio ya jioni, wapishi waliacha kuosha sufuria wakaja mlangoni.

Una kasoro. Mwisho wake ni mbaya: chifu anaingia na kutoa wosia wa nusu ukurasa juu ya umuhimu wa elimu, karani anatubu, watu wanaimba. Nimemwomba mtunzi aufute wosia wote na kumalizia pale binti anapogundua kwa nini mamake anatetemeka. Kama karani atapiga muhuri au la, hilo tulijadili tukiwa tumesimama, si kwenye karatasi. Pia mama ana maneno mengi mno. Mtu mwenye deni haongei hivyo.

Ukisomwa kwa sauti kwa mwendo wa kawaida unachukua dakika ishirini na sita. Nafasi ya kupumua ipo, hakuna mtu wa kukatwa usiku wa mwisho. Watu wanne, na wote wana kazi.

Tutausoma rasmi Jumatano ya kwanza ya muhula ujao, saa kumi jioni, bwaloni. Kila mwanachama aje, hata asiyetaka kuigiza, maana tunahitaji masikio. Sehemu ya karani haijapata mtu. Nimemwandikia barua fupi yule mvulana wa Kidato cha Pili, nikamwomba radhi, nikamwomba pia aje aisome. Bado hajanijibu.