Kwa Nini Jitu la Kobe Halitembei

Karibu na kituo cha treni cha Shin-Nagata, katika mji wa bandari wa Kobe nchini Japani, limesimama jitu la chuma lenye uzito wa tani zipatazo 50. Limetanua miguu na kukunja ngumi, na kama lingejinyoosha wima, kimo chake kingefika mita 18. Jina lake ni Tetsujin namba 28, roboti shujaa wa hadithi za katuni ambazo Mitsuteru Yokoyama, mzaliwa wa Kobe, alianza kuzichora mwaka 1956. Sanamu ilikamilika mwaka 2009 katika wilaya ya Nagata, ambayo tetemeko la ardhi la tarehe 17 Januari 1995 liliiangusha na moto ukaimalizia. Tetemeko lile liliua watu zaidi ya 6,400. Wenyeji walipojenga upya, wakataka na mlinzi.

Mtoto akilitazama atauliza swali moja tu: likiamka, litatuokoa? Swali hilo halihitaji utaalamu wa roboti. Linahitaji kuzidisha.

Chukua mchemraba wa mbao wenye upande wa sentimita 1. Kitako chake kina eneo la sentimita 1 ya mraba, na mbao yote iliyomo ni sentimita 1 ya ujazo. Sasa ukuze kila upande mara 10. Kitako kimekuwa 10 mara 10, yaani 100. Mbao imekuwa 10 mara 10 mara 10, yaani 1,000. Mbao ni ileile, kwa hiyo uzito umepanda mara 1,000, ilhali sehemu inayoubeba imepanda mara 100 tu. Kila sentimita ya mraba ya kitako sasa imetwishwa mara 10 ya mzigo wa mwanzo, na hakuna aliyeongeza kitu chochote ila ukubwa. Ukilishika hilo umeshika somo zima.

Mwanasayansi Galileo alilieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1638, na mazungumzo ya kitabu hicho yanaanzia kwenye karakana za kuundia meli za Venice, mji mwingine wa bandari. Mafundi wa pale walijua kwamba meli kubwa inaposhushwa majini huhitaji mihimili na maegemeo mengi kupita yanavyopaswa kuongezeka kwa kipimo cha ukubwa wake, la sivyo itavunjika kwa uzito wake yenyewe. Galileo akachora mifupa miwili, mdogo wa kawaida na mwingine wa kiumbe kikubwa uliorefushwa mara tatu. Huo wa pili ni mnene hadi unachekesha. Hakukosea kuuchora hivyo. Mfupa uliorefuka bila kunenepa zaidi ya kipimo chake hauwezi kazi.

Turudi kwa jitu, tulichukulie kama mtu aliyekuzwa. Mtu mwenye kimo cha mita 1.8 na uzito wa kilo 80, ukimkuza mara 10, anakuwa na mita 18 na tani 80. Nyayo zake mbili, tuseme, zilikuwa na sentimita za mraba 400 kwa jumla, kila sentimita ya mraba ikibeba gramu 200. Sasa nyayo ni sentimita za mraba 40,000, na kila sentimita ya mraba inabeba kilo 2. Akiinua mguu mmoja ili apige hatua, ni kilo 4. Barabara nzuri ya lami ingelivumilia, kwa sababu tairi la lori lenye shehena hukandamiza kuliko hapo. Lakini sehemu kubwa ya bandari ya Kobe imejengwa juu ya visiwa vilivyofukiwa baharini kwa udongo na mchanga. Mwaka 1995, kwenye Port Island na Rokko Island, mchanga ule uliolowa maji ulitikiswa mpaka ukalegea, maji na tope vikabubujika juu, na kuta za gati zikasukumwa kuelekea baharini. Mlinzi wetu angezama miguu kabla hajamfikia mtu yeyote, tena siku ileile anayohitajika.

Sasa mkono. Unyooshe wako mbele, sambamba na sakafu, uuache hapo dakika mbili tatu. Bega litaanza kuwaka, ijapokuwa mkono mzima una uzito wa kilo 4 hivi. Bega linapambana na mambo mawili: uzito wa mkono, na umbali wa uzito huo kutoka kwenye kiungo, kama inavyokuwa kwa wenzo wowote. Katika jitu, uzito umepanda mara 1,000 na umbali mara 10, kwa hiyo kazi ya bega imepanda mara 10,000. Na nguvu? Nguvu ya msuli inategemea unene wa msuli ukiukata kati, na ndivyo ilivyo kwa pistoni ya mafuta inayoinua ndoo ya katapila: kinachohesabika ni eneo. Eneo limepanda mara 100. Lipe na faida ya msuli kushika mbali zaidi na kiungo, mara 10, unapata 1,000. Bado limepungukiwa mara 10. Jitu linaponyoosha mkono mtupu linachoka kama ambavyo wewe ungechoka iwapo mkono wako ungekuwa na uzito wa kilo 40. Halijaokota hata tofali.

Waandishi wa katuni hulimaliza tatizo hili kwa kusema mashine ina nguvu za ajabu. Sina ugomvi nao. Kazi yao ni kusimulia. Injini zenye nguvu kweli zipo, lakini nazo zina uzito, zinahitaji mafuta au betri, vitu hivyo navyo vina uzito, na goti ndilo linalobeba vyote.

Kuna na suala la mwendo. Mguu unapotembea huning'inia na kubembea kutoka nyongani, na kitu kinachobembea, kadiri kinavyorefuka ndivyo kinavyochelewa kurudi. Urefu ukipanda mara 10, muda unapanda kwa kipeuo cha pili cha 10, yaani mara 3 na kitu. Binadamu hupiga hatua mbili kwa sekunde bila haraka; jitu lingepiga moja kila sekunde moja na nusu au zaidi kidogo. Hatua zake ni za mita 7, hivyo mwendo unafika kilomita 16 kwa saa. Gari la zimamoto linalipita. Likijikwaa, kichwa kinashuka kutoka mita 18, na kitu kinachodondoka kutoka kimo hicho hufika chini kwa karibu kilomita 68 kwa saa. Tani 80, juu ya mtaa wenye watu.

Japani hiyohiyo ilijaribu. Mwezi Desemba 2020, kwenye gati la Yamashita mjini Yokohama, ilifunguliwa sanamu ya Gundam, roboti mwingine wa katuni, ya mita 18 na inayosogea kwa mota. Ilikuwa na uzito wa tani 25 tu, maana wahandisi walikimbizana na kila kilo. Iliinua goti, ikageuza kichwa, ikanyoosha vidole. Na muda wote huo ilikuwa imeshikwa kiunoni na mhimili mkubwa uliotoka nyuma yake. Mguu ulioonekana kukanyaga haukubeba mwili. Maonyesho yalifungwa Machi 2024, na kwa maoni yangu ni kazi ya uhandisi ya kuheshimiwa, hasa kwa kuwa mhimili ule haukufichwa.

Majitu yanayofanya kazi bandarini yapo, ila hayana umbo la mtu. Winchi za kushushia makontena, Kobe hata Mombasa na Dar es Salaam, ni ndefu kuliko Tetsujin na nzito kuliko yeye mara nyingi. Zina miguu minne iliyoachana sana, magurudumu mengi ya kugawana mzigo, na reli juu ya msingi ulioshindiliwa. Zimeacha kutembea, ndipo zikaweza kubeba.

Uokoaji wenyewe ulikwenda upande mwingine kabisa. Katika Kobe ya 1995 wengi wa waliochomolewa hai kwenye nyumba zilizoanguka walitolewa na jamaa na majirani, kwa mikono na zana za nyumbani. Mtu aliyefukiwa hupona kwa sababu ya uwazi: dari limeegemea kabati, pakabaki nafasi ya kifua kupanda na kushuka. Kanyaga juu kwa tani 80, uwazi huo umekwisha. Satoshi Tadokoro, mtafiti wa roboti aliyekuwa Kobe wakati wa tetemeko, aligeukia roboti za uokoaji, na moja ya kazi za kundi lake ni kamera iliyo kwenye mrija mwembamba wa mita kadhaa. Mrija umevikwa vinyweleo vilivyolala upande mmoja. Ukitetemeshwa, vinyweleo hivyo hukwama kurudi nyuma lakini huteleza kwenda mbele, basi mrija unatambaa wenyewe ndani ya ufa. Mwaka 2008 ulitumika Jacksonville, Marekani, ndani ya kifusi cha jengo la maegesho.

Hesabu ileile ya mchemraba sasa inawafaa wadogo. Punguza urefu mara 10, uzito unashuka mara 1,000 na nguvu mara 100 tu. Kilichobaki kina nguvu mara 10 kwa kila gramu yake. Ndiyo maana siafu hubeba mzigo mzito kuliko mwili wake, na roboti ndogo ikiporomoka ngazi huweza kuinuka na kuendelea. Matatizo yake ni mengine. Mwaka 2011 roboti iitwayo Quince iliingia kwenye jengo la kinu cha nyuklia kilichoharibika cha Fukushima Daiichi, Japani, ikapanda ngazi na kupima mionzi mahali ambapo mtu hangekaa. Mawimbi ya redio hayapenyi vizuri zege nene, kwa hiyo iliburuta waya wa mawasiliano. Mwezi Oktoba waya ulikatika, na Quince ikabaki humo ndani.

Roboti hizo bado ni chache na ziko mbali nasi. Jengo linapoanguka, kama lilivyoanguka moja Kariakoo, Dar es Salaam, Novemba 2024, wanaofika kwanza ni walio jirani. Ukiwa mmoja wao, usipande juu ya kifusi bila kuelekezwa, zima injini iliyo karibu, waombe watu wanyamaze, kisha sikiliza kama kuna anayegonga.