Shimo la Mchanga na Maji ya Kisima

Somo letu la leo ni la mchanga, ule unaochimbwa mashambani kwetu Pemba na kupakiwa kwenye magari ukajenge nyumba, skuli na misikiti. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu Pemba watu 406,848. Sensa ya 2022 ikahesabu watu 543,441. Waliozidi ni 136,593, na wote wanataka pa kulala. Kwa hiyo hatusemi watu wasichimbe. Tunasema wachimbe, lakini wayajue maji yaliyo chini.

Hebu tufanye jaribio. Jazeni mchanga mkavu katika ndoo ya lita 20, kisha mimina maji polepole. Mtaona mchanga unakunywa lita 6 hivi, au zaidi, kabla maji hayajaonekana juu. Ndivyo ilivyo ardhini. Mvua ya masika hupita mchangani, huacha taka zake nyingi njiani, hushuka mpaka inapokusanyika. Hayo ndiyo maji ya kisima. Wengine husema chini kuna mto uliojificha. Mara nyingi hakuna mto wowote, ni mchanga na udongo uliolowa tu. Basi mchanga ni chujio la kisima, tena ni kifuniko chake.

Mchimbaji akiishia juu ya maji, madhara si makubwa. Taabu huanza jembe linapogusa maji. Shimo hugeuka ziwa dogo, na jua nalo hulinywa. Tupige hesabu. Shimo lina urefu wa mita 20 na upana wa mita 10, yaani mita za mraba 200. Siku ya jua kali maji yaliyo wazi hupungua milimita 5 hivi. Milimita 1 ya maji katika mita 1 ya mraba ni lita 1. Kwa hiyo 200 mara 5 ni lita 1,000. Hizo ni ndoo 50 kwa siku moja, na hakuna aliyekunywa hata kata moja!

Walio karibu na pwani wana jambo jingine, nalo ni chumvi. Maji matamu ni mepesi, hukaa juu ya maji ya bahari yaliyoingia chini ya ardhi. Kanuni ya wataalamu ni hii: penye mita 1 ya maji matamu juu ya usawa wa bahari, chini ya usawa huo huwa na mita 40 hivi za maji matamu. Sasa igeuzeni. Maji yakishuka mita 1 na kubaki hivyo, chumvi huweza kupanda mita 40. Haitokei kwa siku moja. Lakini ndiyo sababu mashine ya kuvuta maji shimoni, ili upatikane mchanga wa chini, ni jambo la kuogopwa. Kisima kilichoingia chumvi huchukua masika mengi kurudi utamu wake.

Shimo likiachwa, watoto huogelea humo. Konokono wa kichocho hupenda maji yaliyotulia. Kuanzia 2012 ilifanyika kazi kubwa ya kukitokomeza kichocho Unguja na Pemba. Kuacha mashimo ya maji ni kuwajengea konokono nyumba mpya, na mbu vilevile. Lakini baya kuliko yote, kwa maoni yetu, ni kulifanya shimo jaa la taka. Chujio limeshaondolewa, kwa hiyo uchafu unakwenda moja kwa moja kisimani.

Mchanga hauchimbwi bila kibali cha Serikali. Pamoja na kibali, pimeni maji kwanza. Teremsheni kamba yenye jiwe katika kisima cha jirani mwishoni mwa masika, wakati maji yako juu. Ikiwa ardhi iko sawa na maji yako mita 5 chini, chimbeni mita 3 na kuacha 2. Udongo mweusi wa juu uwekwe kando, urudishwe kazi ikiisha. Gari lisitengenezwe shimoni, maana oili humwagika.

Vijana wanaochimba ni watoto wetu, wanatafuta riziki. Mwenye shamba naye atasema, "Si mchanga wangu?" Ni kweli, lakini maji yaliyo chini hayajui mpaka wa shamba. Mambo haya yazungumzwe mbele ya sheha kabla gari la kwanza halijafika. Watu wa Mamlaka ya Maji Zanzibar, iliyoundwa kwa Sheria ya Maji ya 2006, waitwe nao.

Maswali ya kikundi:

1. Shimo la mita 30 kwa 10 lina maji wazi. Kwa siku ya jua kali zinapotea ndoo ngapi za lita 20?

2. Katika shehia yenu, shimo lililo karibu zaidi na kisima liko hatua ngapi? Nendeni mkapime.

3. Nani alilichimba, na nani anateka maji hapo?