SOMO LETU: Kijana Anataka Kamera. Je, Kikundi Kimkopeshe?



Mama mmoja wa hapa Gede alitujia na swali baada ya ibada. Mwanawe amemaliza kidato cha nne. Kulima hataki, bodaboda hataki, anataka kupiga video za muziki. Sasa anaomba kikundi cha mamake kimkopeshe pesa za kamera. Mama akatuuliza, "Hii ni kazi kweli, ama ni mchezo?" Pesa zenyewe ni akiba ya wanachama wote, pesa za nazi na korosho. Kwa hivyo tumeona tulifanye somo la kila kikundi.

1. Kazi yenyewe ni ipi?

Mwongozaji wa video, vijana humwita dairekta, si yule anayeshika kamera tu. Kwanza husikiliza wimbo mara nyingi, akaugawa vipande na kuandika kila kipande kitaonyesha nini. Hutafuta mahali, watu, nguo na usafiri. Siku ya kazi wimbo hupigwa kwa spika, msanii akaufuatisha kwa mdomo. Hurudiwa tena na tena, kamera ikihamishwa huku na huku. Baadaye vipande huunganishwa kwenye kompyuta mpaka midomo ilingane na sauti.

Hebu tuhesabu. Wimbo wa dakika 3 ni sekunde 180. Kamera ikichukua picha 25 kwa sekunde, hizo ni picha 4,500. Ndiyo maana kuhariri huchukua siku nyingi kuliko kupiga.

Na huku kwetu pwani kuna mengine. Jua la saa sita hutia uso vivuli vikali, kwa hivyo kazi nzuri ni ya asubuhi na ya jioni. Chumvi ya bahari na mchanga huharibu kamera upesi.

2. Waliotangulia

Kazi hii imelisha watu. Ndugu wawili wa Nairobi, Lucas na Francis Bikedo wa Ogopa Deejays, walianza na kurekodi sauti mwishoni mwa miaka ya 1990. Baadaye wakaingia katika video, na mwaka 2013 Ogopa walipiga video ya "Number One" ya Diamond Platnumz wa Tanzania. Kule Dar es Salaam, Adam Juma alipiga video nyingi za Bongo Fleva.

Tuangalie kitu kimoja: hao ndugu walijua muziki kwanza, kisha wakajifunza picha. Hawakuanzia juu.

Tena tusidharau kazi kwa kuwa wazee wetu hawakuijua. Mradi wa Kipepeo ulianza hapa Gede mwaka 1993. Nani alidhani mkulima wa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke angepata ada ya shule kwa kufuga vipepeo?

3. Tuhesabu gharama

Tukumbuke mjenzi wa mnara katika Luka 14. Tuchukue mfano tu. Msanii amekubali kulipa shilingi 15,000.

Usafiri: 2,000
Chakula: 2,500
Wasaidizi wawili: 3,000
Kukodi taa na spika: 3,000
Jumla: 10,500

Zinabaki 4,500. Siku moja ya kupanga, moja ya kupiga, tatu za kuhariri: siku tano. Kijana amepata 900 kwa siku, na bado hajaweka kitu cha kutengeneza kamera.

Sasa angalieni mtego. Vijana wengi huchukua nusu kwanza, yaani 7,500. Hiyo haitoshi hata gharama! Msanii akipotea, kijana amebaki na deni la 3,000, na mkopo wa kikundi hauna wa kuulipa. Malipo ya kwanza yasipungue gharama zote.

4. Karatasi kabla ya kamera

Kikundi kimoja cha akina mama wachezaji ngoma walipigwa picha siku nzima, na hando zao na kayamba zao. Walipewa soda na nauli. Baadaye wakajiona kwenye simu za watu, video imesambaa, na hakuna karatasi hata moja. Walilia na nani?

Sheria ipo. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inampa mchezaji haki ya kukubali au kukataa kurekodiwa. Aliyeagiza video kutengenezwa ndiye huhesabiwa mwenye hakimiliki, isipokuwa wamekubaliana vingine. Basi dairekta anayetaka kubaki na haki yoyote aiandike mapema. Tena iko sheria ya mwaka 2016 inayolinda maarifa na utamaduni wa jadi, hata ngoma zetu.

Mahali pia pana mwenyewe. Magofu ya Gede, yaliyoingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2024, yako chini ya Makumbusho ya Kitaifa, na ruhusa hutafutwa huko. Kaya za Mijikenda ni mahali patakatifu; bila wazee, kamera isiingie. Na leseni ya kupiga filamu iulizwe kabla ya siku ya kazi, si baada ya kukamatwa.

5. Ushauri wetu

Kwa maoni yetu, mama yule asimkatie mwanawe tamaa, wala kikundi kisitoe pesa zote siku moja. Kijana aanze kuwa msaidizi wa fundi anayejua. Akodi kamera, apige harusi na mikutano, aandike kila shilingi kwenye daftari. Baada ya kazi kama tano alete daftari mbele ya mweka hazina. Likionyesha faida, kikundi kitoe mkopo kwa awamu, na kamera iandikwe dhamana. Lisipoonyesha, tumepoteza muda kidogo, lakini akiba ya wenzetu ipo.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Je, kikundi chetu kina kanuni ya kumkopesha kijana asiye mwanachama?
2. Mtu akija kupiga picha ngoma yetu, nani ataweka sahihi, na pesa zitagawanywaje?
3. Ni kazi gani nyingine ya vijana tumeiita mchezo kabla ya kuihesabu?

Mungu abariki kazi za mikono yenu.