Punda wa Mefiboshethi

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: 2 Sam. 4:4, 9:1–13, 16:1–4, 19:24–30, Kut. 4:10–16, Law. 19:14, 21:16–23, Yn. 9, Rum. 16:22, 1 Kor. 12:14–26.

Fungu la Kukariri: 1 Wakorintho 12:22. Darasa zima lisome fungu hili kwa pamoja kutoka katika Biblia, kisha kila mmoja aliseme bila kutazama.

Katika makanisa mengi watu wenye ulemavu hukumbukwa Sabato moja kwa mwaka. Siku hiyo huketishwa mbele, huombewa, na hupewa sabuni, unga na blanketi. Sabato inayofuata hurudi kuketi karibu na mlango, kwa sababu njia ya kupita katikati ya mabenchi ni nyembamba. Zawadi zile ni njema. Lakini ni mara chache mtu huuliza ni nani miongoni mwao anayeweza kutunza vitabu vya hazina, kufundisha darasa la watoto, kushona sare za Watafuta Njia, au kuongoza baraza.

Paulo hasemi kwamba viungo vinavyodhaniwa kuwa dhaifu vihurumiwe. Anasema vinahitajika. Juma hili linachunguza neno hilo katika maisha ya mwana wa Yonathani, Musa, Paulo, na mmoja wa waanzilishi wa Kanisa la Waadventista. Maneno "kiwete" na "kipofu" yatatumika pale tu Biblia inapoyatumia.

JUMAPILI
Meza ya Mfalme

Soma 2 Samweli 4:4 na 9:1–13. Mefiboshethi alipataje ulemavu, na Daudi alimtendea nini?

Mtoto alikuwa na miaka mitano habari za kifo cha Sauli na Yonathani zilipofika kutoka Yezreeli. Yaya alimchukua akakimbia, na katika haraka ile mtoto akaanguka. Hapakuwa na laana wala dhambi ya mzazi, ila hofu ya vita na mwanamke aliyekuwa akijaribu kuokoa maisha yake.

Miaka ikapita. Mwana wa mfalme akawa mgeni katika nyumba ya Makiri huko Lo-debari, na alipoletwa mbele ya Daudi alijiita mbwa mfu. Daudi hakukubali jina hilo. Alimrudishia mashamba yote ya Sauli, akamwagiza Siba, mwenye wana 15 na watumishi 20, ayalime, na akampa nafasi mezani pake kama mmoja wa wana wa mfalme.

Mahubiri mengi huishia hapa, na ni mahali pazuri pa kuishia. Hata hivyo, sura hii inasema mara nne kwamba Mefiboshethi alikula, au angekula, mezani pa mfalme. Haisemi hata mara moja kwamba alipewa kazi. Mashamba yake yalisimamiwa na mwingine, na watu wa jumba la mfalme walimzoea kama mtu anayeketi na kula. Sura za mbele zinaonyesha jinsi mazoea ya namna hiyo yanavyoweza kumgharimu mtu.

Ni nani katika kanisa lenu anajulikana kwa kile anachopokea tu? Je, kuna aliyewahi kumwuliza anajua kufanya nini?

JUMATATU
Punda Aliyechukuliwa

Soma 2 Samweli 16:1–4 na 19:24–30. Linganisha maneno ya Siba na maneno ya Mefiboshethi.

Absalomu ameasi. Daudi anapanda Mlima wa Mizeituni akilia, miguu wazi, pamoja na watu wake. Karibu na kilele Siba anamlaki akiwa na punda wawili waliotandikwa, mikate 200, zabibu kavu, matunda na divai. Mfalme anauliza, yuko wapi mwana wa bwana wako? Siba anajibu kwamba amebaki Yerusalemu akitumaini kurudishiwa ufalme wa baba yake. Papo hapo, bila kutuma mtu wa kuuliza, Daudi anampa Siba mali yote ya Mefiboshethi.

Vita vilipokwisha, Mefiboshethi alishuka kumlaki mfalme. Tangu siku Daudi alipoondoka hakuwa ameosha miguu, wala kutengeneza ndevu, wala kufua nguo zake. Maelezo yake yalikuwa mafupi. Alitaka kutandika punda, ampande, aende pamoja na mfalme, kwa kuwa yeye ni kiwete. Mtumishi wake akamdanganya, kisha akamsingizia.

Mefiboshethi hakupungukiwa na uaminifu. Akili zake zilikuwa timamu, na upendo wake ulionekana hata katika mavazi yake. Alichokosa ni punda. Yule aliyemwacha bila punda ndiye aliyegeuza kutokuwapo kwake kuwa ushahidi wa uasi.

Hadithi hii hurudiwa kila siku mahali pa kazi. Usaili unafanyika ghorofa ya tatu katika jengo lisilo na lifti, na mwombaji anayetumia kiti cha magurudumu hafiki chumbani. Katika daftari anaandikwa kuwa hakuhudhuria. Mfanyakazi kiziwi anakosa kikao kilichotangazwa kwa mdomo tu, na anaitwa mkaidi. Mwanafunzi mwenye ualbino, asiyeona vizuri kwa mbali, anaketishwa nyuma ya darasa, na ripoti inasema ni mvivu wa kusoma. Kila mara punda ameondolewa kwanza, ndipo mtu akahukumiwa kwa kutofika.

Hukumu ya Daudi katika 19:29 haifurahishi. Anaonekana kuchoka na maelezo, na anaamuru mashamba yagawanywe nusu kwa nusu kati ya mwenye haki na mwongo. Wako wafafanuzi wanaojitahidi kuitetea hukumu hiyo, ila Biblia yenyewe haiitetei. Inaacha tu jibu la Mefiboshethi lisikike: Siba na achukue yote, maadamu mfalme amerudi salama. Siku ile mtu aliyeitwa msaliti alionyesha moyo wa kifalme kuliko mfalme.

Je, umewahi kumhukumu mtu kuwa hataki, kumbe hakuwa na njia ya kufika? Ulifanya nini ulipogundua?

JUMANNE
Kinywa cha Musa, Mkono wa Paulo

Soma Kutoka 4:10–16. Mungu alishughulikaje na kinywa kizito cha Musa?

Hakukiponya. Alidai kwamba ndiye aliyekifanya, akaahidi kuwa pamoja nacho, na Musa alipoendelea kukataa, akampa Haruni awe msemaji wake. Hasira ya Bwana katika fungu la 14 iliwaka baada ya Musa kuomba atumwe mwingine. Ulimi mzito haukumkasirisha. Wito haukupunguzwa ili ulingane na ulimi, bali kazi ilipangwa upya ili ifanyike. Miaka 40 baadaye, kitabu cha Kumbukumbu la Torati kinafunguliwa kwa maneno ambayo Musa mwenyewe aliwaambia Israeli wote.

Paulo naye aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe, na haukuondolewa (2 Kor. 12:7–9). Biblia haitaji mwiba huo ulikuwa nini. Inachosema wazi ni kwamba waraka kwa Warumi uliandikwa kwa mkono wa Tertio (Rum. 16:22), na kwamba Paulo aliposhika kalamu mwenyewe aliandika kwa herufi kubwa (Gal. 6:11).

Haruni na Tertio walikuwa wasaidizi wa kazi. Hakuna anayesema kwamba waraka kwa Warumi si wa Paulo kwa sababu mkono mwingine uliuandika.

JUMATANO
Mhariri Mwenye Mguu Mmoja

Soma 1 Wakorintho 12:14–21. Ni hasara gani inayoupata mwili kiungo kimoja kinapokiambia kingine, sina haja nawe?

Kanisa la Waadventista lingepata hasara hiyo mapema sana kama lingechagua watumishi wake kwa kutazama mwili. Ellen G. White alipigwa jiwe usoni akiwa na miaka tisa, katika mji wa Portland, Marekani. Mkono wake ulitetemeka hata kuandika kukawa shida, na masomo yake ya shule yakakatika. Mkono huo ndio ulioandika maelfu ya kurasa, na baadaye wasaidizi kama Marian Davis walifanya naye kazi ya kuandaa vitabu.

Habari za Uriah Smith hazijulikani sana katika madarasa ya Shule ya Sabato, na zinastahili kujulikana. Alizaliwa mwaka 1832 katika jimbo la New Hampshire. Akiwa bado mvulana, mguu wake wa kushoto uliugua ukakatwa juu ya goti. Alikatwa nyumbani, katika siku ambazo dawa ya kumlaza mgonjwa kwa ajili ya upasuaji ilikuwa haijaanza kutumika.

Mwaka 1853 kijana huyo alijiunga na ofisi ya gazeti la Review huko Rochester, New York. Ofisi ilikuwa maskini. Vitabu vya kwanza vilipunguzwa kingo kwa visu vya mfukoni kwa sababu hapakuwa na mashine ya kukata karatasi, na Smith alikuwa mmoja wa waliofanya kazi hiyo. Alichonga pia picha katika mbao kwa ajili ya kuchapwa. Mwaka 1855 gazeti lilihamia Battle Creek, Michigan, na mwishoni mwa mwaka huo, akiwa na miaka 23, akawa mhariri wake. Konferensi Kuu ilipoundwa Mei 1863, yeye ndiye aliyekuwa katibu wake wa kwanza.

Mwaka huohuo alipata hati ya serikali ya kutambua uvumbuzi wake wa mguu wa bandia. Mguu aliokuwa akitumia ulikuwa mgumu kwenye kifundo, na kila hatua ilikuwa taabu. Akaketi akabuni mguu wenye kifundo kinachopinda. Tatizo lile daktari asiye na ulemavu angeweza kulisoma vitabuni, lakini Smith alitembea nalo kila siku kwenda kazini. Miaka 12 baadaye alipata hati nyingine, ya dawati la shule lenye kiti kinachokunjwa, hivyo wanafunzi wenye miguu miwili nao wakafaidi ubunifu wake.

Asifanywe malaika. Mwaka 1888, kwenye mkutano wa Minneapolis, alipinga ujumbe wa haki kwa imani, na ilichukua zaidi ya miaka miwili kabla hajakiri kosa lake. Ni vema kulikumbuka hilo pia. Wengi huwataka watu wenye ulemavu wawe ama wa kuhurumiwa ama wa kushangaza, na huwanyima haki ya kuwa wafanyakazi wa kawaida, wanaofaulu na kukosea, na kurekebishwa kama wenzao.

Smith alifariki Machi 1903. Alianguka njiani akielekea ofisini.

ALHAMISI
Mbele ya Kipofu

Soma Mambo ya Walawi 19:14. Kwa nini amri hii inaunganishwa na kumcha Mungu?

Kiziwi hasikii anapotukanwa, na kipofu hamwoni aliyeweka kikwazo. Mungu anaona na kusikia kwa niaba yao. Lakini vikwazo vingi vya leo havikuwekwa kwa chuki. Ni ngazi iliyojengwa bila mtu kufikiri, au fomu iliyochapwa kwa herufi ndogo.

Soma Mambo ya Walawi 21:16–23. Fungu hili limetumiwa na baadhi ya watu kuwazuia wenye ulemavu wasihudumu kanisani. Mwana wa Haruni mwenye kilema hakukaribia madhabahu kutoa sadaka, kwa kuwa kuhani na mnyama wa sadaka walikuwa kivuli cha Kristo asiye na waa. Lakini fungu la 22 linasema alikula mkate wa Mungu wake, hata ule ulio mtakatifu sana. Hakuondolewa katika ukoo wa makuhani wala hakuitwa najisi. Kivuli kilipotimia katika Kristo, huduma ile ya madhabahu ilikoma. Anayeirudisha leo ili kumnyima dada asiyeona nafasi ya kuwa mwalimu wa Shule ya Sabato, amrudishe na mwana-kondoo pia.

Soma Yohana 9. Wanafunzi walipomwona yule mtu, waliona swali la theolojia: nani alitenda dhambi? Yesu aliona mtu ambaye kazi za Mungu zingedhihirishwa ndani yake. Kisha akamtuma. Akiwa bado haoni, na tope machoni, alikwenda Siloamu, na Biblia haisemi kwamba mtu yeyote alimshika mkono. Kabla sura haijaisha alikuwa akiwafundisha Mafarisayo (fungu la 30–33), nao wakamfukuza kwa sababu walidhani mtu kama yeye hawezi kufundisha.

Serikali zimeanza kuliona jambo hili. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi aajiri watu wenye ulemavu wenye sifa, wasiopungua asilimia 3. Katiba ya Kenya ya mwaka huohuo, kifungu cha 54, inataka nafasi za kuchaguliwa na kuteuliwa katika umma zifikie hatua kwa hatua angalau asilimia 5. Shule, zahanati na ofisi za kanisa nazo ni waajiri.

IJUMAA
Kujifunza Zaidi

Soma katika kitabu cha Ellen G. White, Tumaini la Vizazi Vyote, sura inayoeleza habari za mtu aliyezaliwa kipofu. Soma pia Isaya 56:3–8 na Luka 14:12–24.

Maswali ya Kujadili:

1. Mefiboshethi alikuwa na mengi mezani, lakini hakuwa na punda siku ya hatari. Je, kanisa linaweza kumpa mtu chakula na bado likamnyima njia ya kutumika? Toeni mfano halisi.

2. Kamati ya uteuzi inapoketi, majina ya watu wenye ulemavu hutajwa kwa nafasi zipi? Hayatajwi kwa zipi, na sababu inayotolewa ni ipi?

3. Daudi aliamua baada ya kumsikia Siba peke yake. Kama darasani kuna mtu mwenye ulemavu, aombwe azungumze kwanza, akipenda, na wengine wasimkatize. Kama hayupo, jadilini kwa nini hayupo.

4. Kabla ya Sabato ijayo, watu wawili wa darasa hili wazunguke jengo la kanisa kuanzia lango hadi mimbari, choo na chumba cha watoto, wakiandika kila mahali ambapo mtu wa kiti cha magurudumu, asiyeona, au asiyesikia angekwama. Orodha hiyo isomwe mbele ya mzee wa kanisa. Ni lipi linaloweza kurekebishwa bila kusubiri fedha?