Wasiwasi si Upungufu wa Imani



Mwanafunzi anayetoka Muyinga kuja kusoma Gitega hubeba mengi kuliko sanduku lake. Minervali imetoka kwenye maharage yaliyouzwa, wadogo zake wanasubiri zamu yao, na kila simu ya nyumbani huishia kwenye matokeo. Mtihani ukikaribia, moyo unadunda na usingizi haupo. Akimweleza mwenzake, huambiwa: imani yako imepungua, zidisha adhkari. Adhkari ni haki. Ninachopinga ni ile hukumu, kwa kuwa nimeona inavyomnyamazisha mtu, hata akaona haya kuja kwenye swala ya jamaa.

Mtume (s.a.w.) mwenyewe alikuwa akijikinga kwa Allah na hamm na hazan. Wanazuoni wengi wameeleza kuwa hamm ni dhiki ya moyo kwa jambo lijalo, na hazan ni kwa lililopita. Mtu hajikingi na kisichoweza kumfika. Na Imamu al-Ghazali, mwaka 1095, akiwa mwalimu wa Nidhamiyya ya Baghdad, alifungwa ulimi asiweze kusomesha, chakula kikamshinda, na matabibu wakakata tamaa. Nani atasema alikosa elimu ya dini?

Aliyelichambua jambo hili vizuri zaidi, kwa maoni yangu, ni Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 Hijria (934 Miladia). Kitabu chake, Masalih al-Abdan wal-Anfus, kinatibu mwili kwanza, kisha nafsi. Anaona kuwa maradhi ya nafsi humfika mtu mara nyingi kuliko ya mwili. Hofu ina mlango wake, huzuni wake, na fikra zinazorudi-rudi wake pia. (Sisi kwa Kiswahili huvitia vyote katika kapu moja la wasiwasi.) Tena ana shauri moja la manufaa: kama mtu anavyoweka dawa nyumbani akiwa mzima, ajiwekee pia fikra njema wakati moyo umetulia, azitumie hofu ikija. Kwetu sisi, hiyo ni kazi ya katikati ya muhula. Andika: nikianguka, kuna mtihani wa marudio, nyumbani nitaanza kumwambia nani, nani alianguka akainuka. Saa nane ya usiku fikra hizo hazitafutiki.

Mwalimu wake, al-Kindi, aliona huzuni inatokana na kupoteza tukipendacho au kukosa tukitakacho, hivyo tusifungamane na vya kupita. Ni kweli, lakini naona haimtoshi mwenzetu wa Muyinga. Yeye anahofia jasho la mama yake. Ukimwambia aache kujali, unamwambia aache wema.

Al-Balkhi hakutenganisha mwili na nafsi, maana kimoja kikiumwa kingine huumwa. Kwa hiyo mwenzetu akikaa wiki nzima bila usingizi wala hamu ya chakula, tumsindikize kwa daktari; Kamenge, kule Bujumbura, kuna kituo cha maradhi ya akili. Na akirudi msikitini, tumpe nafasi safuni bila kumuuliza alikuwa wapi.